Dole Gumba la Marehemu Mbonea

Palikuwa na mwenyekiti wa kijiji huko Vuhunje, jina lake Kajiru, mwenye ng'ombe arobaini na tumbo la kuwatosha wote. Siku moja alitupa macho bondeni, akaliona shamba la mjane Namkunda, lenye chemchemi isiyokauka hata jua liwe kali namna gani. Akalitaka. Hakusema analitaka yeye, la hasha, viongozi wetu hawana choyo. Alisema kijiji kinalihitaji kwa kunyweshea mifugo. Mifugo ya nani? Hapo alikohoa.

Namkunda hakuwa na kingine. Magimbi, ndizi, sare za shule za watoto watatu, vyote vilitoka pale. Likichukuliwa, kwisha habari yake. Mumewe Mbonea alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na mara nne mama huyu alikwenda ofisini kuomba jina lake liandikwe kwenye daftari la ardhi badala ya la marehemu. Mara nne Kajiru alimjibu vilevile.

"Daftari linasema mwenye shamba ni Mbonea."

"Mbonea amekufa, Mwenyekiti. Ulihutubia mazishini. Ulikula sahani mbili."

"Mimi najua amekufa. Daftari halijui."

Namkunda alirudi nyumbani analia kwa hasira. Ulimi wake ulikuwa mkali, kijiji kizima kinaujua, lakini daftari halina masikio.

Ikafika siku ya mkutano mkuu. Bwana Ardhi alikuja kutoka wilayani na kamba yake ya kupimia, mtu mkavu, asiyecheka, aliyekataa hata soda ya Mwenyekiti. Akasema hapimi kitu mpaka asikie mwenye shamba ameridhia. Kajiru akatabasamu, akamkonyeza mtendaji wa kijiji. Mtendaji akasimama, akasoma muhtasari wa kikao cha Jumanne iliyopita.

"Mwenye shamba, Bwana Mbonea, alihudhuria. Aliridhia kwa moyo mkunjufu shamba lake litwaliwe na kijiji. Akaweka dole gumba."

Watu wakatazamana. Mnaona Mwenyekiti na mtendaji wake walivyojibana? Fomu ya kutwaa ardhi ilimtaka mwenye shamba aridhie. Mwenye shamba, kwa mujibu wa daftari, ni Mbonea. Na aliyekataa kulibadilisha jina ni Kajiru huyo huyo. Basi wakamfufua. Wengine wakitaka kufufua mtu hufunga na kuomba; hawa walihitaji wino tu.

Kila mtu alingoja Namkunda apige yowe. Namkunda alipiga vigelegele.

"Mume wangu yu hai! Jamani, Mbonea wangu yu hai!"

"Keti, mama," Kajiru akasema.

"Niketi vipi, Mwenyekiti? Miaka mitatu nalala peke yangu, kumbe mwenzangu anahudhuria vikao! Alikaa wapi?"

Mtendaji jasho likamtoka. "Benchi la... la nyuma."

"Amekonda?"

"Kidogo."

Wanawake wakaangua kicheko. Namkunda hakucheka.

"Na hilo dole gumba ni la nini, baba? Mbonea aliondoka kwangu anajua kusoma na kuandika. Huko aliko hakuna shule?"

"Huyu mama anavuruga mkutano!" Kajiru akafoka.

"Navuruga nini? Namuulizia mume wangu. Ninyi mmemwona, mimi sijamwona. Nikamuulize nani?"

Bwana Ardhi akainua macho kutoka kwenye makaratasi yake. "Mwenyekiti, swali moja tu. Huyu mwenye shamba yu hai au amekufa?"

Kajiru akapiga hesabu. Akisema amekufa, muhtasari ni wa kughushi, na watu hufungwa kwa kughushi. Akisema yu hai... Akalitazama lile bonde, akaiona chemchemi inavyometameta, akawaona ng'ombe wake wote arobaini wakinywa kwa nafasi. Tamaa ikajibu kabla yake.

"Yu hai," akasema. "Amesafiri."

"Bwana Ardhi, naomba hilo liandikwe!" Namkunda akadakia. "Yu hai, kwa kauli ya Mwenyekiti, mbele ya kijiji kizima."

"Limeandikwa," akasema Bwana Ardhi. "Basi utaratibu ni huu. Mwenye shamba hunionyesha mipaka kwa miguu yake mwenyewe. Asipokuja, shamba haliguswi, na mkewe aendelee kulilima."

"Hakuna haja ya kumsumbua," Kajiru akasema haraka. "Mipaka mimi naijua."

"Wewe ndiwe Mbonea?"

"Hapana, lakini..."

"Lakini hakuna. Namtaka Mbonea."

Bwana Ardhi akaanza kukunja kamba yake. Namkunda alifurahi, ila hakuketi. Alimjua Kajiru: si mtu wa kukubali kushindwa na mwanamke wa magimbi huku watu wanacheka. Na kweli, Mwenyekiti aligonga meza, chupa ya soda ikaanguka.

"Atakuja!" akanguruma. "Nasema atakuja! Nitamfuata mimi mwenyewe huko huko aliko!"

Namkunda akawageukia vijana waliokaa chini kwenye nyasi, akasema kwa upole kabisa:

"Wanangu, mmemsikia Mwenyekiti. Anamfuata Mbonea. Leteni majembe mumchimbie, asije akachelewa."