Bibi Mashavu na Mifarishi ya Ng'ambo ya Mto

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni, sogeeni. Wenye baridi wakae mbele. Nawapa habari ya Bibi Mashavu.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha mlimani ambako ukungu huingia hadi jikoni, palikuwa na kina mama washona mifarishi. Mfarishi ni shuka nene ya viraka, ndani imejazwa pamba. Mtoto akizaliwa, mfarishi. Binti akiolewa, mfarishi. Mzee akizidiwa na baridi, mfarishi. Kila alasiri walikutana barazani kwa Bibi Mashavu, sindano zikienda chwi, chwi, chwi, na midomo nayo haipumziki.

Bibi Mashavu ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Mfupi, mnene, mcheshi. Akicheka, mashavu yanafunika macho. Yeye alifagia baraza. Yeye alichambua pamba. Yeye alichemsha uji wa wote. Wenzake walikuja, wakashona, wakanywa, wakaenda zao.

Basi mwaka mmoja mvua ikanyesha. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha! Ng'ambo ya mto kilima kikaporomoka, buuu! Nyumba zikafukiwa. Watu walitoka wazima, lakini na nguo za mwilini tu. Na kipupwe hicho kinakuja.

Bibi Mashavu akasimama barazani.
"Jamani, wenzetu wanalala chini. Tuwashonee. Nani atanisaidia?"
Kimya. Chwi, chwi, chwi.
Kesho yake akasimama tena. "Nani atanisaidia?"
Mmoja akakohoa. Mwingine akatafuta uzi ambao haukupotea.

Bibi akangoja waondoke. Akakaa peke yake, akaanza kuunga viraka, machozi yakidondokea pamba.

Sasa Siwatu, bibi harusi wa juzijuzi, mgeni pale kijijini, alikuwa amesahau kibuyu chake. Akarudi, akamkuta.
"Bibi! Unalia nini?"
"Uchovu, mwanangu. Nimeita, hakuna aliyeitika."
Siwatu akachezea ncha ya nguo yake. "Uliita watu, Bibi. Mimi hukuniita. Mshono wangu umepinda, nikajua unawataka mafundi."
Bibi akamtazama. Akamtazama tena. Akaanza kucheka, na machozi hayajakauka.
"Siwatu!"
"Abee, Bibi."
"Nakuita wewe. Utanichambulia pamba?"
"Nitachambua mpaka uniambie basi."

Asubuhi Bibi akashika fimbo yake. Ko, ko, ko, njia nzima. Mlango huu: "Mama Chausiku, hakuna anayekunyima kitu ukiomba. Nizungukie nyumba, uniletee vitambaa vikuukuu." Mama Chausiku akacheka, akajifunga kibwebwe. Mlango ule: "Kombo, kushona hujui. Lakini miguu yako inaujua mto. Utatubebea?"
"Hilo tu, Bibi? Nitabeba."
Kila mlango jina lake, kila jina kazi yake. Ko, ko, ko.

Ukabaki mlango wa Hidaya. Huyu alikuwa fundi wa mafundi, na wenzake walimwogopa, ila siku nyingi hajafika barazani.
"Sitaki," akasema. "Nimechoka kushona."
Bibi hakuondoka. Akaketi kizingitini, wakazungumza mihogo, wakazungumza wajukuu. Upindo wa nguo ya Bibi ulikuwa umefumuka, naye akamwomba mwenzake amshikizie kidogo. Hidaya akachukua sindano. Uzi ukapita pembeni ya tundu. Akajaribu tena. Pembeni. Tena. Pembeni.
Mikono ikamwangukia mapajani.
"Macho yamekwisha, Mashavu," akanong'ona. "Usiwaambie. Mimi Hidaya, watanionaje?"
Bibi akamshika mikono ile. "Mwenzangu, watunga uzi ninao tele. Njoo ukae nao, uguse mishono yao, uwaambie palipolegea. Nani mwingine atawaambia?"
Hidaya akamrudishia sindano.
"Na nikikosea?"
"Tutacheka, tutafumua."

Baraza likajaa. Pamba fu, fu, fu! Sindano chwi, chwi! Hidaya katikati, kidole juu ya mshono.
"Siwatu, hapa ulisinzia."
"Nilisinzia, Bibi Hidaya. Nafumua."
Akafumua, akarudia, akafumua, akarudia, hata mshono ukanyooka.

Mto ulipopungua wakavuka, Kombo mbele na mzigo kichwani. Wakakuta watu wamejikunyata kwenye vibanda vya majani. Palikuwa na mama aliyetoka kujifungua. Kichanga chake kimefungwa kitambaa chembamba, midomo inatetemeka.
"Nipeni mimi," akasema Hidaya.
Akakizungushia mfarishi kwa kupapasa, pembe kwa pembe, asiache upenyo. Kichanga kikapiga chafya, chya! Kikalala.

Mama yake akauliza, "Nani ameushona huu?"
Wote wakamwangalia Hidaya, fundi wa mafundi. Akavuta pumzi. Akaanza kutaja. Siwatu. Mama Chausiku. Kombo. Bibi Mashavu. Akawataja wote, mmoja mmoja, wala hakumsahau hata mtu mmoja.
"Na mimi," akasema mwisho. "Mimi Hidaya nilishika mishono yao, maana macho yangu hayaoni tena."
Akalisema mbele ya watu. Wala hakuna aliyecheka.

Ndugu zangu, mkiwa na kazi ya wengi, msiite hewani. Mwiteni mtu kwa jina, mpeni kazi inayomfaa. Na wewe uliyekaa kimya ukidhani huhitajiwi, inuka, jitolee.

Hadithi yangu inaishia hapo. Nimeitua kwenu, ichukueni mwende nayo.