Neno Lililobaki Kivukoni

Neno la njiani halipandi gari.

Ndivyo mwenyekiti alivyowaambia vijana wa Mnyangala asubuhi ile, alipowakuta wakinong'ona nje ya shule juu ya kikao cha wageni ambacho walikuwa wamekikalia bila kutoa neno lao. Vijana walicheka. Neno gani hilo lenye miguu ya kupanda gari? Walipofika uani kwa Bi Somoe kumsaidia kumenya muhogo wa shughuli ya mjukuu wake, bado walikuwa wanaichekea methali yenyewe, na mmoja wao, Mwanahawa, akamuuliza bibi ilitoka wapi. Bi Somoe hakuinua kichwa. Aliwaambia wasogeze mabeseni na kila mtu ashike kisu chake, kwa sababu hadithi haimenyi muhogo. Kisha akaanza.

Methali hii ilianza hivi.

Hapa Mnyangala, tangu enzi za mababu, mgeni hapingwi kikaoni. Akisema mvua hunyesha kutoka chini kwenda juu, mtaitikia, mtapiga makofi, mtamletea maji ya kunywa. Kumkatalia mtu mbele za watu ni sawa na kumvua nguo. Lakini msidhani wazee wetu walikuwa waongo. Ukweli ulikuwa na mahali pake. Mgeni akiaga, wenyeji walimsindikiza kwa miguu hadi kivuko cha mto, na katika mwendo ule mmoja mwenye heshima zake alimsogelea na kumwambia, "Mgeni wetu, yote uliyosema tumeyapokea. Ila lipo neno." Hilo ndilo lililoitwa neno la njiani. Posa zilikataliwa huko, na ugomvi wa mipaka ulimalizwa huko. Hata bwana shamba wa kwanza, aliyekuja kwa baiskeli, aliujua mwenendo huo. Alikuwa akiisukuma baiskeli yake taratibu mpaka kivukoni, ingawa njia yote ni mteremko, kwa sababu alijua kazi yake ya kweli huanza akishaaga.

Siku hizo alikuwapo mwanamke aitwaye Esha Nalinga, shangazi yangu, mjane, mwenye ulimi mwepesi kisimani na mzito barazani. Shamba lake lilikuwa la muhogo ulioitwa Nyamaza-mwana. Jina hilo halikutolewa kwa mapambo. Muhogo wenyewe ulikuwa mtamu hata mbichi, na ukiutia chunguni, kabla mtoto hajamaliza kulia njaa umeshaiva. Mama yake Esha ndiye aliyekuja na vijiti vyake siku ya kuolewa, amevifunga kwa kamba ya mgomba, na kutoka shamba lake kijiji kizima kikapata mbegu. Esha aliurithi kama wengine wanavyorithi dhahabu. Alisema akiutafuna anamsikia mama yake.

Basi msimu mmoja Esha aling'oa shina lenye majani mazuri, akaukata muhogo, akaukuta ndani una madoa ya kahawia, mkavu, haufai hata kwa mbuzi. Akang'oa shina la kando yake, nalo vilevile. Juu kijani kibichi, chini pameoza. Wapo waliosema ni jicho la watu, wapo waliosema ardhi imechoka. Esha alihamishia vijiti kwenye ardhi mpya, ugonjwa ukamfuata. Mwisho akabakiwa na kipande kimoja karibu na mto, ambacho kilikuwa bado kinatoa muhogo mweupe.

Wakati huo ndipo habari zilipofika kwamba wageni wa serikali wanakuja. Zilikuwa zimetengwa fedha za utafiti wa mazao, na kabla hazijagawiwa, serikali ilitaka kuwasikia wakulima wenyewe: wataalamu washughulikie zao gani, na kwa tatizo lipi. Wanawake wa Mnyangala walifurahi mno. Walikutana kisimani wakakubaliana kwamba kama kuna zao la kuombewa, ni muhogo, na kama kuna wa kulisema, ni Esha. Naye alikubali. Wala hakuna aliyeuliza atalisema wapi. Atalisema njiani, bila shaka. Siku zote zile Esha alikuwa akilisoma neno lake kimoyomoyo akichota maji, na asubuhi ya mkutano alikwenda kwenye shamba lililougua, akang'oa shina zima la Nyamaza-mwana, mihogo na kijiti chake, akalifunga ndani ya kanga.

Kiongozi wa wageni aliitwa Bwana Kasanda, mtu mpole wa kutoka bara, mwenye sauti ya taratibu. Waliketi katika darasa la shule.

"Tumekuja kusikiliza," alisema. "Huko tulikotoka tumekuwa tukifikiria ufuta, kwa kuwa una soko. Lakini wenye mashamba ni ninyi. Mnasemaje?"

Mwenyekiti wa wakati huo, Mzee Likwata, alisimama na fimbo yake. "Mgeni amesema vizuri," akajibu. "Ufuta ni zao jema." Makofi yakapigwa, tena ya nguvu.

Bwana Kasanda hakuridhika haraka. Msimlaumu kwa hilo, aliuliza. Aliwazungushia macho watu wote, akasema, "Na habari za mihogo?"

"Nzuri!" darasa zima likaitikia.

Hapo ndipo lilipolala kosa letu. Ninyi mnajua, mtu akikuuliza habari, unaanza na nzuri. Hata kama umetoka kuzika, unasema nzuri, halafu ndipo unasema ila. Watu walikuwa wamempa Bwana Kasanda nzuri yake mkononi, na ila yake wamemwekea njiani. Waligeuka wakamtazama Esha. Esha akakibana kifurushi chake kwapani, akainamisha macho, akatulia. Alikuwa na hakika kwamba saa yake inakuja.

Wageni wakaaga. Wazee wakashika fimbo zao, wanawake wakajitanda kanga, watu wote wakatoka kusindikiza. Bwana Kasanda akawapa mkono, akawashukuru, akafungua mlango wa gari akaingia. Walikuwa wanatarajiwa kijiji kingine jioni ileile. Gari likaanza kwenda polepole kwa sababu ya makorongo, na kijiji kizima kikaanza kutembea nyuma yake, ungesema ni msafara wa harusi. Mzee Likwata akajikaza, akafika usawa wa dirisha, akainua mkono.

"Mgeni wetu..." akaanza.

Bwana Kasanda akampungia mkono kwa furaha. Dereva naye akapiga honi mara mbili, kwa heshima. Gari likaongeza mwendo, vumbi likawafunika wazee wote na fimbo zao.

Esha alikimbia. Mwanamke mzima, kanga ikimtoka kichwani, alikimbia na kifurushi chake mpaka kivukoni. Alipofika, gari lilikuwa limeshavuka na kukata kona, na maji ya mto yalikuwa yanarudi kutulia. Akasimama pale akihema. Halafu akalisema. Alilisema neno lote, tangu "mgeni wetu" hadi mwisho, kwa sababu alikuwa amelibeba siku nyingi na hakuweza kurudi nalo nyumbani. Ng'ambo hapakuwa na mtu.

"Watarudi," Mzee Likwata aliwaambia watu jioni ile. Walirudi kweli, wakiwa na ufuta.

Na mimi siusemi vibaya ufuta ule. Wataalamu walifanya kazi yao, mbegu waliyoleta ilizaa, na nyumba nyingi mnazoziona na bati zimeezekwa kwa ufuta. Watu waliona muhogo unawasumbua, wakaung'oa, wakapanda ufuta mahali pake. Lakini mtoto akilia usiku humpi ufuta atafune. Unga ukawa wa kununua dukani, na wasio na cha kununulia walijua wenyewe walilalaje. Kile kipande cha Esha kando ya mto nacho kikaugua. Aliambiwa ugonjwa ule hukatwa kwa moto, basi akang'oa mashina yote, akayachoma. Alipomaliza, aliketi kando ya majivu akalia. Nyamaza-mwana ukamliza mtu mzima.

Baada ya misimu kadhaa, wageni wakaja tena kuuliza kama walivyouliza mwanzo, kwa maana fedha za utafiti zilikuwa zinagawiwa upya. Darasa lilikuwa lilelile, na Bwana Kasanda alikuwa yuleyule, mvi zimeanza. Alishukuru kwa habari njema za ufuta. Kisha, kama safari ile, akauliza, "Na habari za mihogo?"

"Nzuri!" watu wakaitikia.

"Si nzuri," Esha akasema.

Alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akisimama. Wazee wa mstari wa mbele wakatazama chini kama watu waliomwona mwenzao akianguka hadharani.

"Esha, dada yangu, keti," Mzee Likwata akasema kwa upole. "Maneno yana njia yake."

"Ninaijua, kaka. Nimeipita," Esha akajibu. "Nilikwenda na neno langu mpaka kivukoni, nikalimwaga majini. Neno la njiani halipandi gari."

Mtu mmoja wa nyuma akacheka, kisha akanyamaza alipoona amecheka peke yake. Esha akasogea mbele, akafungua kanga. Safari hii ulikuwa muhogo wa kuomba kwa jirani, wa aina nyingine, maana wake haukuwapo tena. Akaukata juu ya meza ya mwalimu, mbele ya mgeni, na kila mtu akaona ulivyokuwa ndani.

Bwana Kasanda akauchukua, akaugeuzageuza. "Ugonjwa huu umeanza lini hapa?"

"Ulikuwapo ulipokuja mara ya kwanza, baba."

"Lakini niliuliza."

"Uliuliza habari. Habari hujibiwa nzuri."

Bwana Kasanda akauweka muhogo mezani. "Mlilifuata gari," akasema. "Watu wote. Niliwaambia wenzangu, hawa wana ukarimu, wanatuaga hivi."

"Hatukuwa tunawaaga," Mzee Likwata akasema, na hapo alikuwa haangalii tena chini. "Tulikuwa tunawasindikiza."

Mgeni akalielewa. Alimwambia dereva azime gari, kwani lilikuwa limeshawashwa, akarudi kwenye kiti chake. Maneno yakatoka siku hiyo! Ya muhogo yalitoka, ya nguruwe pori yalitoka, hata ya ufuta wenyewe, kwamba unapukutika kabla haujavunwa, yalitoka, na yote yaliandikwa. Mzee Likwata alisema la mwisho, naye alilisema akiwa ameketi.

Mwaka uliofuata wataalamu wa muhogo wakafika. Mmoja wao, binti mchangamfu, alitembelea nyumba za wanawake akiwaeleza kwamba hawakuja na mbegu ya wageni tu. Hata mbegu ya asili wanayoipenda, alisema, inaweza kupelekwa maabara, ikasafishwa ugonjwa, ikarudishwa nzima. Hata kama inaumwa. Kinachotakiwa ni shina moja tu lililo hai.

Esha alimwongoza nyumba hadi nyumba. Wakaenda kwenye viunga, kwenye mashamba yaliyoachwa, ng'ambo ya mto kwa ndugu za mama yake. Pote palikuwa na ufuta, au mihogo ya aina nyingine. Walipopita shuleni, Bwana Kasanda, aliyefuatana na wataalamu, alikuwa pale.

"Shina moja tu, mama," naye akasema. "Hukuweka hata moja?"

"Nilikuwekea, baba," Esha akajibu. "Siku ile nililishika mkononi, likiwa na majani yake, nyuma ya gari lako."

Bwana Kasanda akageuka, akaitazama njia ya kivukoni. Yule binti mtaalamu, ambaye hakujua habari ya kivukoni, aliendelea kumtazama huyu na huyu.

Bi Somoe alinyamaza hapo. Aliokota muhogo kwenye beseni la Mwanahawa, akaukwangua mahali alipokuwa ameacha ganda.

"Huu mnaomenya ndio huo walioleta," akasema. "Ni mzuri. Hauozi, unashibisha, na shangazi aliulima mpaka alipokufa, akawa anawashukuru waliouleta. Ila unataka kuni nyingi. Mimi niliula Nyamaza-mwana nikiwa mdogo, nikiwaeleza utamu wake hamtanielewa, na hakuna tena wa kuwaonjesha." Akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono, bila kuficha. "Haya. Hao wageni waliokuja leo, wameuliza nini?"

Vijana wakatazamana. "Wameuliza kama mbegu mpya ya ufuta inatufaa," akajibu mmoja.

"Mkasemaje?"

Mbegu ile ilikuwa imeota nusu tu katika mashamba yao, na wote walikuwa wamepiga makofi.

Kutoka upande wa shule, gari likasikika likiwashwa. Mwanahawa akatupa kisu ndani ya beseni, akakusanya gauni lake, akatoka uani mbio, na wenzake nyuma yake, wakiruka mabeseni na maganda.

Bi Somoe akabaki na muhogo wote wa shughuli peke yake. Alivuta beseni karibu, akaendelea kumenya.

"Kimbieni," akasema. "Neno la njiani halipandi gari."