Makohozi ya Kuazima

Kulikuwa na mpiga tarumbeta mmoja, wapendwa, katika usharika kama huu wetu. Alikohoa muda mrefu, akisema ni vumbi la mavuno. Siku moja kikohozi kilimshika katikati ya wimbo, sauti ya tarumbeta ikakatika. Kiongozi wa bendi akamwambia hatalishika tena mpaka apimwe makohozi, kwa sababu matarumbeta yale walikuwa wakipokezana.

Zahanati walimpa kikopo. Asubuhi, kabla ya kula chochote, akohoe kutoka ndani kabisa ya kifua, alete. Rahisi, sivyo? Lakini jubilei ya usharika ilikuwa imekaribia, na yeye aliogopa bendi ingepiga bila yeye. Mnajua alifanya nini? Alimpelekea mkewe kile kikopo kitandani.

Mke alikuwa na kikohozi kidogo, mafua tu, walidhani. Alikataa. "Baba, kinachoulizwa ni kifua chako, si changu."

"Wewe mzima, mama. Kohoa tu, wanirudishie tarumbeta langu."

Akabembeleza mpaka yule mama akachoka, akakohoa. Bwana mkubwa akafunga kifuniko, huyoo, zahanati. Na siku ya majibu alikwenda amevaa shati la bendi kabisa!

Muuguzi alimwingiza chumbani, akamwambia polepole kwamba vimelea vya kifua kikuu vimeonekana. Dawa zinaanza leo leo, na akizimaliza atapona. Akauliza kama nyumbani kuna mwingine anayekohoa.

Ndugu zangu, hapo jasho lilimtoka. Angeweza kunyamaza. Dawa angepewa, na kwa kifua kile huenda zingemfaa. Lakini aliyeonekana mgonjwa alikuwa nyumbani anasonga ugali, hajui kitu. Akinyamaza, mama yule ataendelea kuambiwa ni mafua, mpaka lini? Akisema, ataaibika mbele ya watu wote. Ninyi mngejibu nini? Msinijibu haraka.

 Basi, yule baba akasema, "Dada, makohozi yale si yangu. Ni ya mke wangu. Nilidhani ni mzima."

Muuguzi hakumfokea. Alimpa kikopo kingine. "Kohoa na wewe. Halafu kamlete mama, leo."

Majibu ya kikopo cha pili sina haja ya kuwasomea. Mnajua yule mama ugonjwa aliupata kwa nani.

Inaniuma, kwa sababu ndivyo tulivyo sisi. Tunakuja mbele za Mungu na usafi wa kuazima: maombi ya mke, sadaka ya mama, jina zuri la baba. Vifua vyetu wenyewe hatutaki vipimwe. Na wakati tunaficha, tunawaambukiza walewale tunaojificha nyuma yao. Hasira, pombe, uongo, vyote vinalala nasi kitanda kimoja.

Sasa nasema juu ya kikohozi chenyewe pia, kile cha kifuani. Kama kuna mtu humu anakohoa na anajua anakohoa, anione baada ya ibada. Kesho asubuhi nitakwenda naye zahanati mimi mwenyewe.