Mstari wa Thelathini na Mbili

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii imewatoa jasho watu wazima wenye filimbi shingoni.

Palikuwa na wanawake watatu waliocheza raga, na kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Wa kwanza ni Muhonja, mwalimu wa darasa la nne kutoka Vihiga. Yeye alijaliwa mikono. Mpira ukipotea chini ya miili kumi iliyolaliana, mikono ya Muhonja ndiyo iliyoibuka nao. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na kumi na miwili kati ya hiyo alikuwa ameicheza hapa hapa nyumbani, kwenye viwanja ambako kabla ya mazoezi lazima mfukuze ng'ombe na kuzoa walichoacha.

Wa pili ni Jerotich wa Iten. Yeye alijaliwa macho. Alipokuwa uwanjani aliona watu wote thelathini kwa mara moja, waliko na wanakotaka kwenda. Wafaransa waliliona hilo mapema wakamchukua, na mwaka wa sita sasa alikuwa akicheza katika mji wao mdogo ambako mwokaji mikate alitundika picha yake dukani.

Wa tatu ni Wakesho, wa miaka ishirini na mmoja. Yeye alijaliwa miguu, na ikianza kukimbia, basi. Mama yake ni Mtaita wa Wundanyi aliyekwenda Wales kusomea uuguzi akaolewa huko. Wakesho alizaliwa huko, akalelewa huko, na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu, chakula na kukemewa, kwa kuwa mama yake hakukitumia kwa mengine.

Wote watatu walikuwa mikononi mwa Kocha Syombua, mwanamke wa Machakos asiyependa maneno mengi, na hadithi hii ni yake kuliko ilivyo yao.

Timu ya Syombua ilikuwa na desturi ya peke yake. Wapinzani husikiliza, kwa hiyo zamani Muhonja alibuni namna ya kuamrishana kwa majina ya miji. Ukisikia mji wa magharibi, mpira unakwenda kushoto. Ukisikia wa mashariki au wa pwani, unakwenda kulia, kama ramani ilivyo ukutani darasani. Mji haurudiwi katika mechi moja. Aliyesoma hapa aliifuata bila kufikiri, na mgeni angetega sikio mwaka mzima asiambulie kitu.

Shida ni kwamba Wakesho alisomea kwingine. Muhonja alimwandikia miji kumi na sita kwenye karatasi, minane huku na minane kule, akawa anamtahini kambini wakati wa chakula cha jioni. Busia? Kushoto. Garissa? Kulia. Akikosea, chapati ya pili inahamia sahani ya mwalimu. Msichana alijifunza upesi sana.

Mechi ya kufuzu Kombe la Dunia ilichezwa Nairobi, na mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Wageni walitoka kusini, wanawake wa mabega mapana na adabu nzuri. Watatu wetu wote walianzia benchi. Nahodha alipoumia bega na wengine kuishiwa pumzi, Syombua akawaingiza mmoja baada ya mwingine. Zilipobaki dakika mbili ubao ulisoma ishirini na moja kwa kumi na saba, na kumi na saba zilikuwa zetu. Mpira walikuwa nao wageni, na walichotakiwa kufanya ni kuukalia tu.

Muhonja akaingiza mikono mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kidole. Refa akatazama, hakupuliza kipenga. Muhonja akauchomoa mpira, akainuka nao, akaburura watu watatu hatua saba au nane kwenye matope, na alipoangushwa akautenga vizuri upande wetu. Angali chini, mdomo umejaa udongo, akaita, "Mumias!"

Mumias ni magharibi. Timu ikamiminika kushoto, na wageni, ambao hawakuijua Mumias lakini walikuwa na macho, wakaifuata. Mtu mmoja tu hakwenda. Mumias haikuwa kwenye ile karatasi. Wakesho aliitafuta kichwani, akaikosa, akaamua kwamba mji wenye jina kama hilo lazima uwe wa pwani. Akakimbia kulia peke yake. Kando ya uwanja Syombua alikuwa akipayuka, "Kushoto, wewe! Kushoto!" lakini mvua iliimeza sauti yake, na baadaye alimshukuru Mungu kwa mvua hiyo.

Jerotich akaupokea mpira akielekea kushoto kama alivyoamriwa. Mbele yake palijaa wageni. Kwa pembe ya jicho akaiona jezi moja upande usio wake, akajua papo hapo kwamba yule msichana amepotea, na akajua pia kwamba hakuna anayemlinda. Mwingine angemfokea. Jerotich alijipinda, akaupiga mpira kwa mguu wa kushoto, ukapaa juu ukavuka uwanja wote.

Wakesho akaudaka, ingawa ulikuwa unateleza kama sabuni. Mbele yake palibaki mlinzi mmoja na mita hamsini za matope. Mlinzi alimrukia akakumbatia hewa. Wengine walianza kumfukuza, halafu wakaacha. Akauweka mpira chini nyuma ya mstari kwa mikono yote miwili, taratibu, trai ya pointi tano. Ishirini na mbili kwa ishirini na moja, na kipenga cha mwisho kikalia.

Walipokwisha kulia na kukumbatiana, Wakesho alimuuliza Muhonja kwa sauti ndogo Mumias iko wapi. Alipojibiwa alifunika uso kwa mikono. Muhonja alicheka mpaka akakaa kwenye matope.

Utamu uliishia hapo. Kambini walikuwa thelathini na wanne, na fomu ya mashindano ilikuwa na mistari thelathini na miwili. Nahodha bega lilipona, waliochoka walipumzika, na Syombua alipokwisha kuandika wale ambao timu haiwezi kusimama bila wao, alikuwa na majina thelathini na moja. Kumi na sita walicheza nyumbani, kumi na watano ng'ambo. Mstari mmoja ulibaki, na watu watatu. Fomu ilitakiwa kutumwa saa sita mchana.

Asubuhi hiyo alijifungia ofisini uwanjani pamoja na msaidizi wake, Okumu, mtu mwema ambaye ugonjwa wake ni methali. Okumu alisema mcheza kwao hutunzwa, kwa hiyo ni Muhonja. Alipokunywa chai kidogo akakumbuka kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, na Jerotich ndiye aliyetoka mbali akatuponya. Kikombe kilipokwisha akasema damu ni nzito kuliko maji, na huyu binti wa Wundanyi ameifuata damu ya mama yake. Syombua alimwambia hizo ni methali tatu na mstari ni mmoja.

Okumu akajaribu njia nyingine. Akasema anayeongezwa akiwa wa ng'ambo, hesabu itakuwa sawa, kumi na sita kwa kumi na sita, na hakuna atakayelalamika. Syombua akamuuliza kama anawajua watu wa nchi hii vizuri. Watalalamika tu. Wengine watasema wasichana wa nyumbani wanafagia uwanja ili wageni waje kuuchezea. Na tukimwacha wa ng'ambo, wengine watasema tunatupa vipaji kwa wivu wa bure. Na Wakesho ahesabiwe upande gani, yeye ambaye hakuhama popote?

Basi wakapima makosa, maana wema ulikuwa umelingana. Hapo ndipo Syombua alipoanza kuumwa na kichwa. Muhonja aliita mji ambao hakuwa amemfundisha mwenzake. Jerotich alikaidi amri iliyotolewa. Wakesho alipotea njia. Mmoja tu kati yao angefanya sawasawa, leo wageni wangekuwa wanafunga mizigo ya Kombe la Dunia.

Wakapima walichoacha. Muhonja alipewa cheo cha naibu mwalimu mkuu katika shule ya mbali, akakikataa kwa sababu timu ya wasichana aliyoianzisha ingekufa. Jerotich aliambiwa na klabu yake kwamba akiondoka katikati ya msimu asirudi, naye akaondoka. Wakesho aliitwa na nchi aliyozaliwa, akasema hapana akavaa jezi yetu, na kwa sheria za raga, aliyevaa jezi ya nchi moja hawezi kesho yake kwenda kuvaa ya nyingine. Mizani haikusogea hata kidogo.

Syombua akaamua kuwaita, mmoja mmoja, na kumuuliza kila mmoja kama kuna jambo anataka alijue kabla hajaandika.

Muhonja hakuketi. Alisimama mlangoni kama mzazi aliyeitwa shuleni, akasema goti lililokuwa likimsumbua limepona na kwamba wasichana wake kule shuleni hawajui kwamba timu inaweza kwenda bila yeye. Kisha akajuta kulisema hilo.

"Kocha, usinionee huruma," alisema. "Lakini hawa wenzangu wakikosa hapa wana viwanja vingine. Mimi kiwanja changu ni hiki. Ni hilo tu."

Syombua akamwambia asubiri nje.

Jerotich aliketi, akavuta kiti karibu na meza, akamtazama usoni. Alieleza, bila majivuno, kwamba kati ya timu nne watakazokutana nazo, tatu zina watu aliokwisha kupambana nao, anajua mkono wanaopenda na wanachofanya wakichoka. Halafu sauti yake ikabadilika.

"Kila nikitua uwanja wa ndege naulizwa kama bado naipenda nchi. Muhonja haulizwi. Wewe huulizwi. Nisipochaguliwa kwa sababu ya mchezo wangu, nitakubali. Nisipochaguliwa kwa sababu ya ninakoishi, hilo litaniuma mpaka nizeeke."

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Syombua alimshika bega alipokuwa akitoka.

Wakesho aliingia na maneno aliyokuwa ameyapanga, yakamponyoka yote. Alitazama sakafu, akatazama dirisha. Mama yake, alisema akichanganya Kiswahili na Kiingereza, amemkataza kuomba. Alisema pia kwamba kule alikozaliwa walikuwa wakimuuliza kwao ni wapi, na alipofika hapa watu wanamuuliza hivyo hivyo.

"Nilipotea, Kocha," alisema mwishowe. "Lakini nilifika. Nikikosa, mimi nitarudi tena kujaribu. Lakini tafadhali, nisikose."

Alipofunga mlango, Okumu alijipangusa macho akasingizia mafua. Syombua hakusingizia chochote. Aliwapenda wote watatu, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Angekuwepo mmoja mvivu, au mwenye kiburi, kalamu ingejiandikia yenyewe.

Tena alikuwa na jambo lake mwenyewe. Miaka kumi na minne nyuma, akiwa mchezaji, naye alikatwa kwenye kikosi siku za mwisho ili ampishe mwenzake aliyetoka ng'ambo. Hakuna aliyemwambia. Alilisoma gazetini, akiwa amekwisha kuaga kwao na mama yake amekwisha kumchinjia kuku. Yule mwenzake alicheza vizuri sana, na Syombua alimshangilia, na uchungu haukwisha. Ndiyo maana alipokabidhiwa timu aliapa kwamba hatamkata mtu kwa karatasi. Atakayekosa atasikia kutoka kinywani mwake, wametazamana.

Sasa alijiogopa. Akimwandika Muhonja, je, ni Muhonja anayemwandika, au anamlipia yule msichana wa miaka kumi na minne nyuma? Na akimwacha ili ajionyeshe kwamba hana upendeleo, hiyo nayo si dhuluma?

Saa sita kasoro dakika kumi. Okumu aliuliza kwa upole kama atoke, na Syombua akasema abaki. Nje, kwenye ubao wa kukalia mashabiki, wale watatu walikuwa wamekaa pamoja. Muhonja alikuwa amemwazima Wakesho sweta yake. Jerotich alikuwa akigawa karanga, akianzia kwa wenzake. Hakuna aliyesogea mbali na mwingine.

Saa sita kasoro dakika tano, Syombua akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa thelathini na mbili.

Hadithi imefika hapo, na kalamu imehamia kwako wewe unayesikiliza. Bila mikono mpira usingepatikana, bila macho usingevuka, bila miguu usingefika. Mmoja alibaki, mmoja alikwenda, mmoja alikuja, na kila mmoja alilipa. Je, ungeandika jina la nani? Na ukishaandika usikimbie. Fungua mlango, usimame mbele ya wale wawili wengine, uwatazame machoni. Utawaambia nini?