Siku Baraza Lilipokula kwa Fisi

Hodi, hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye mdomo!
Nimekuja na kapu.
— Lifunue tuone!

Basi, ndani ya kapu wamo pimbi wawili, Mwatime na Riziki, wote majike. Walipendana, wakaishi pango moja juu ya mwamba, pango kavu hata masika. Mmoja akichuma majani, mwenzake analinda. Mmoja akiumwa, mwenzake halali. Miaka saba hiyo.

Fisi alilitamani pango lile aweke mifupa yake. Na Fisi ndiye mwenyekiti wa baraza. Siku ikafika ya kujadili kama majike wawili waandikwe kuwa wameoana. Asiyeandikwa hana haki ya pango. Mwatime alilijua hilo.

Ngiri akasema, "Haijawahi kutokea." Kobe akasema, "Kwani wamemkosea nani?" Korongo akataka iundwe kamati. Kelele, kelele, kelele.

"Desturi ni desturi," Fisi akanguruma. "Katika ndoa dume hutangulia kula, jike hufuata. Hawa nani atatangulia? Hapo hakuna ndoa. Pango nalichukua."

Riziki akalia, kwi kwi kwi. Mwatime akamshika mkono, akasimama.

"Mwenyekiti, sheria iwe kali zaidi. Nyumba yoyote ambayo dume hatangulii kula, hiyo si ndoa, na pango lake litwaliwe. Yoyote."

Fisi akaona mapango yanamiminika tu. Mate yakamdondoka, do, do, do. "Yoyote! Kobe, andika."

Kobe akaandika mchangani, kru, kru, kru.

"Sasa kabla ya kura," akasema Mwatime, "sisi tusiojua desturi tunaomba tufunzwe. Twende sote kwako mchana huu, tuone unavyotangulia."

Fisi akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Leo mke wangu anaumwa."

"Naumwa nini?" ikauliza sauti nyuma ya Ngiri. Alikuwa Bi Fisi mwenyewe, mabega mapana, amejitwika paja la nyati. "Wageni, twendeni."

Wakaenda. Nyama ikawekwa chini. Bi Fisi akala, kwachu kwachu. Binti zake wakala, kwachu kwachu. Fisi akanyoosha mkono.

"Baba watoto," Bi Fisi akasema bila kuinua kichwa, "tangu lini?"

Fisi akarudi pembeni kungoja kwato. Kobe akakohoa. "Kwa sheria tuliyoandika, mama, pango hili…"

"Pango langu limefanyaje?"

Mwatime akasema kwa upole, "Halijafanya kitu, dada. Mnaishi humu kwa amani, na nani anatangulia kula ni shauri lenu wenyewe. Na sisi tunaomba hivyo hivyo."

Bi Fisi akamtazama, akamtazama Riziki, akamgeukia mumewe. "Piga kura, mwenyekiti. Nyama inaisha."

Mkono wa Fisi ukapanda juu kuwakubali pimbi, kabla ya mikono yote. Hilo ndilo pekee alilotangulia siku ile. Ngiri akafuata, maana naye ana mke nyumbani. Korongo akasema kamati imemaliza kazi yake.

Riziki akalia tena, safari hii kwa furaha, na Mwatime akalia naye. Wakaandikwa, wakarudi pangoni kwao.

Kapu langu nalifunika.
— Lifunike, tumeshiba!

Na funzo lake, wanangu, ni hili: desturi isiguswe hata kidogo, hasa ile ya Bi Fisi.