Sauti Iliyochelewa Kufika

Mwenye mzigo ampishe mwenye neno. Mmenisikia nikimwambia Rwiza hivyo alipoanza kupakua mchezo wakati shangazi yake anaongea na simu, nanyi mkacheka mkidhani ni methali ya mababu. Mababu walikuwa na ruta? Methali hii ina miaka sita tu, na iliyoizaa ni ukaidi wangu mimi, babu yenu, sebuleni humu humu.

Ruta yetu, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, aliifunga Editha, fundi wa mtandao hapa Bukoba. Alinieleza taratibu kwamba sauti ya simu ni kitu chepesi, ila haivumilii kungoja. Video ni furushi zito, lakini likichelewa haliharibiki. Akataka kuipanga ruta ipitishe sauti kwanza, na furushi lipunguziwe mwendo kidogo ili foleni isijae. Nilimkatalia.

"Mwanangu, usinipunguzie kitu," nilisema. "Nataka njia yote."

Mwezi huohuo ndugu yangu Ishengoma alilazwa Mwanza, hali yake mahututi. Katika ukoo wetu, baba anayeaga dunia hutamka irage, yaani wosia wa mdomo, na kumtaja mrithi wa kibanja, shamba la migomba la familia, mbele ya mashahidi. Mashahidi aliowachagua tulikuwa wawili, mimi na mama yetu. Saa nne asubuhi alitupigia kwa intaneti, tukamsikiliza kwenye spika ya mezani, akaanza kusema kwa Kihaya. Nami kwenye kompyuta nilikuwa napakua video ya harusi ya binti yangu.

Sauti ilikuja vipande vipande.

"Zima hiyo harusi," mama aliniambia.

"Imebaki kidogo, Mama."

Nilidhani kule kukatika ni pumzi ya mgonjwa. Mara simu yangu ya kawaida ikalia. Alikuwa muuguzi, amesimama kando ya kitanda. Kihaya hakijui.

"Mzee, mbona hammjibu? Ni kama anawauliza kitu. Ngoja nimpe simu hii..."

Nikamsikia akimwita ndugu yangu, mara mbili. Kisha akasema, "Pole sana, mzee. Ametutoka."

Lakini spika ya mezani ilikuwa bado inasema. Ndugu yangu ameshakata roho, na sauti yake iliyokwama kwenye foleni inazidi kuingia sebuleni: kibanja, kisha mrithi, kisha mkwaruzo mrefu uliolimeza jina la mrithi, kisha jina langu, akiniuliza kama nimesikia. Nilimnong'oneza mama kwamba mwanawe ametutoka. Mama aliitazama spika ile, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa huyu anayeongea ni nani?"

Spika ikanyamaza, na kompyuta ikaonyesha kwamba video imekamilika. Sijawahi kuifungua.

Siku ya tatu baada ya mazishi Editha alikuja, akapunguza mwendo wa kupakua, akaitanguliza sauti. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Jioni yake alipiga kwa intaneti Mushobozi, mtoto mkubwa wa marehemu, aliyeko Kanada na hakuwahi mazishi. Sauti ilifika safi, nikamsikia hata akimeza mate.

"Baba mdogo," aliniuliza, "baba alimtaja nani?"

Swali lile nililisikia lote, neno kwa neno. Mpaka leo sina jibu, na migomba ya kibanja kile imemezwa na magugu kwa sababu hakuna mtoto wa Ishengoma anayethubutu kuigusa. Wajukuu wangu, mwenye mzigo ampishe mwenye neno.