Upande wa Vitovu

— Ngano inabisha!
— Ibishe, tumekaa!
— Ngano inabisha tena!
— Iingie, tumesogeana!
— Ikiingia na uchungu?
— Tutagawana!

Basi tugawane. Wengine husema hapo kale, na hiyo kale haina siku wala saa. Mimi siku ninayo. Ilikuwa Alhamisi, saa nne kasorobo asubuhi. Umande umeshakauka majanini, na hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyoya wa kuku. Hapo ndipo tawi kubwa la mvule wa Bi Mashavu lilipokatika peke yake, likaanguka juu ya jiko lake, paa likalala chini.

Upepo haukuwapo. Nyani hakuwapo. Mtu mwenye shoka hakuwapo. Tawi lilikatika tu.

Semeni wenyewe: tawi likikatika pasipo upepo, ni jambo jema?
— Si jema!
Si jema.

Mji wenyewe uliitwa Kwemihombo, mji mdogo wa mlimani ambao nyumba zake zote zimejengwa kwenye vivuli vya miti. Na mji kama huo hauwezi kukaa bila fundi wa miti. Fundi wao alikuwa mwanamke, jina lake Mwanamvua. Matawi makavu aliyapogoa, yanayokwaruza paa aliyafupisha, na mti uliokwisha maisha yake aliushusha kipande kwa kipande mpaka chini, asivunje hata kifuniko cha chungu. Kazi alirithi kwa baba yake. Wasiwasi sijui alirithi kwa nani. Akifunga kamba, aliikagua. Akishaikagua, aliifungua akaifunga upya. Watu wakamtania: "Mwanamvua hujifunga kamba hata akipanda kitandani!"

Sasa sikilizeni desturi yao. Kwemihombo mtu hatoi neno juu ya mti mpaka aubishie hodi. Fundi hugeuza shoka, akagonga shina kwa kisogo cha shoka, pande zote nne. Mti mzima hujibu ngo! Mti uliooza ndani hujibu buu. Hebu tusikie mti mzima!
— Ngo!
Na uliooza?
— Buu…
Hivyo hivyo.

Mwaka mmoja kabla ya Alhamisi ile, Mwanamvua alikuwa ameubishia hodi mvule wa Bi Mashavu. Upande wa mawio: ngo! Upande wa machweo: ngo! Upande wa kilimani: ngo! Akafika upande wa nne, unaotazama jiko. Akasimama.

Upande ule ndipo vilipozikwa vitovu vya watoto wa Bi Mashavu. Watoto wanne. Wawili wameolewa mbali, wawili wamekwisha kurudi mchangani wenyewe. Na Kwemihombo, penye vitovu chuma hakipelekwi na kiatu hakikanyagi. Mwanamvua aliinamisha kichwa, akapita mbali, akamwambia Bi Mashavu, "Mti mzima, mama. Lala usingizi."

Sasa tawi liko jikoni.

Bi Mashavu mwenyewe alikuwa ametoka kuomba kaa la moto kwa jirani. Hilo tu ndilo lililomponya. Kigoda alichokalia kila asubuhi kilikuwa vipande vitatu. Mwanamvua alifika anahema, kamba begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi Mashavu alikuwa bado ameshika kigae chenye kaa la moto, na kaa limeshazimika. "Si ulisema mzima?"

"Nilisema, mama."

Kabla hajaongeza neno, huyoo, akatokea Fundi Shekue, mpasua mbao. Msumeno begani, tabasamu mdomoni. Mnawajua watu wanaofika msibani na kikapu? Basi ndiye.

"Poleni! Poleni! Poleni!" Pole ya kwanza alimtazama Bi Mashavu. Ya pili alitazama shina. Ya tatu alikuwa anapima urefu wa gogo kwa macho. "Mama, mti huu umeoza. Mimi nitakuondolea. Sitaki kitu, hata kikombe cha maji. Gogo tu nitalibeba, lisikusumbue uani."

"Umegonga wapi, fundi?" Mwanamvua akamwuliza.

"Binti, ninyi mnaoanza kazi ndio mnaogonga. Mimi naona kwa jicho!"

Watu wamekwisha kujaa uani. Wakacheka. Shekue kuona amepata wasikilizaji, akapandisha sauti. "Naapa mbele yenu! Umeoza, na mimi ndiye nitakayeushusha! Nikirudi nyuma, msiniite fundi tena!"

Mwanamvua alikuwa na neno moja tu kinywani: mwongo. Mji mzima ulijua Shekue anausaka ule mvule tangu zamani, kwa maana mbao za mvule hazina mwenziwe. Angelitamka, kila mtu angemuunga mkono.

Lakini mtu wa wasiwasi hutazama kabla ya kusema. Akalitazama tawi pale lilipokatikia. Kiini kilikuwa cheusi. Akakigusa kwa kidole, kidole kikazama kama kwenye mhogo uliovunda. Akatazama chini ya shina, upande wa nne, upande ambao mwaka mzima hakuutazama. Uyoga mgumu umejipanga pale kama masikio.

Shekue hakuwa amejua lolote. Alisema uongo, na uongo wake ukaangukia juu ya kweli. Na yeye Mwanamvua, mkweli, ndiye aliyesema lisilokuwapo.

Sasa angalieni. Akinyamaza, Bi Mashavu anabaki na mti wake. Akinyamaza, Shekue anaondoka na aibu. Akinyamaza, jina la Mwanamvua linabaki zima kama lilivyo. Kisha masika yanakuja, na mama wa watu amelala chini ya shina lile.

Ninyi mngenyamaza?

Mbona kimya?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwanamvua akaweka kamba chini.

"Mama, mwaka jana nilibisha pande tatu. Nikakwambia mzima, kana kwamba nilibisha nne."

"Kwa nini?"

"Niliogopa vitovu."

Bi Mashavu akakiweka chini kigae chake. "Hiyo ni heshima, mwanangu."

"Ilikuwa heshima, mama, na imekuvunjia kigoda. Kesho itakuvunjia kitanda. Nipe ruhusa nibishe upande ule."

"Chuma hakiendi pale."

"Basi kisiwe chuma. Wala nisiwe mimi. Hapo aliyezaa ndiye mwenye ruhusa."

Bi Mashavu akavua kandambili zake, akazipanga vizuri pembeni. Akaenda kwenye jiko lililobomoka, akaondoa makuti, akatoka na mchi wa kinu. Akashika mchi kwa mikono miwili, akaanza kuuzunguka mti wake.

Upande wa mawio!
— Ngo!
Upande wa machweo!
— Ngo!
Upande wa kilimani!
— Ngo!

Akafika upande wa nne. Hapo alikwenda polepole, kama mtu apitaye kati ya waliolala. Midomo yake ilitamka majina manne, hayakusikika. Kisha akagonga.

— Buu…

Akagonga tena.

— Buu…

Alipogonga mara ya tatu gome lilibonyea, likapasuka, na unga wa mti ukamwagika juu ya miguu yake mitupu. Unga mwekundu, umelowa.

"Kitu gani kimeula mti wangu?"

Mwanamvua alilijua jibu, na laiti lingekuwa jingine. "Maji, mama. Yalipata pa kuingilia, kwenye mizizi iliyokatwa."

"Nani aliikata?"

Bi Mashavu akatazama chini. Hapa palichimbiwa kitovu cha kwanza. Hapa cha pili. Hapa cha tatu. Na hapa, karibu kabisa na shina, cha mwisho.

"Ni jembe letu," akasema.

"Ni jembe, mama."

"Marehemu mume wangu alikuwa akichimba kwa nguvu zake zote. Kila mtoto alimchimbia shimo refu kuliko la mwenziwe, mbwa wasije wakafukua." Akaketi palepale, mchi mapajani, akalia bila sauti. Na hakuna mtu aliyemwambia anyamaze.

Baadaye jirani mmoja akakumbuka. "Fundi Shekue! Si uliapa? Mti ndio huo, umeoza kama ulivyoona kwa jicho lako."

Shekue alikuwa amekwisha kuusikia ule mlio. Mvule wenye tundu hauna mbao. Na anayeupanda haijulikani atashukaje. Akasogea hatua moja nyuma. "Ah, jamani. Mti huu mzima! Ni mchi ndio uliooza."

"Mchi?"

"Tena leo msumeno nimeuacha nyumbani."

"Na huo begani?"

"Huu? Huu wa kuazima!"

Njia ya mwongo ni fupi, na Shekue aliimaliza mbio. Watu walicheka kidogo, kisha wakaona haya kucheka, maana Bi Mashavu alikuwa bado chini.

"Na wewe utaondoka?" Bi Mashavu akamuuliza Mwanamvua.

"Siondoki."

"Upande ule usiutie chuma."

"Sitautia, mama."

Siku ileile walihamisha kitanda, sanduku na kuku kwa jirani. Ijumaa baada ya swala kazi ikaanza, ikachukua siku tatu. Mwanamvua hakujifunga kwenye mvule hata mara moja. Alijifunga kwenye mkuyu uliosimama jirani, akaning'inia kwa kamba yake kutoka huko, kwa sababu mti usiojiweza hawezi mtu kuutwika uzito wake. Siku ya kwanza alishusha vitawi. Siku ya pili alishusha matawi makubwa, kila moja limefungwa kabla ya kukatwa, wanaume kumi na wawili wameshika kamba chini.

"Shikilieni!"
— Tumeshikilia!
"Legezeni!"
— Tunalegeza!
"Tueni!"
— Limetua!

Siku ya tatu alishusha shina, kipande kwa kipande. Ndani palikuwa na tundu la kutosha mtu mzima kuketi. Upande wa jikoni mti wote ulikuwa umebaki unene wa kiganja. Kila aliyekuja alipima kwa kiganja chake. Msumeno uliposhuka usawa wa kiuno, Mwanamvua akausimamisha. Upande wa vitovu, kuanzia hapo mpaka mizizini, aliuacha umesimama kama mgongo wa kiti, na gome lake, bila alama ya chuma.

Bi Mashavu alileta bakuli la maji, akayamimina taratibu kwenye kisiki. "Ulikuwa umekwisha," akauambia, "na bado ulitusubiri tutoke."

Jioni ile wanaume walimsifu Mwanamvua mpaka sauti zikawakauka. Ametuokolea mama! Ameshusha mvule, hata yai halikuvunjika! Yeye aliketi pembeni na bakuli la uji, hanywi. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Vidole vikamwishia, akaongeza kimoja cha mguu. Kumi na moja. Nyumba nyingine kumi na moja za Kwemihombo zilikuwa na mti wenye vitovu, na zote kumi na moja aliziambia mzima.

Kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Na kosa ambalo bado limesimama juu ya paa la mtu, kila siku linajirudia lenyewe.

Kesho yake asubuhi, Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, Mwanamvua aliacha shoka nyumbani. Alichukua mchi, akavua viatu, akaenda mpaka mlango wa nyumba ya kwanza kati ya zile kumi na moja.

"Hodi!"

"Karibu!" Mwenye nyumba akatoka na mswaki mdomoni. "Kulikoni, fundi? Umekuja kututwangia?"

"Nimekuja kumwomba mama wa nyumba abishe upande ambao mimi sikubisha."

Mwanamume yule akacheka. "Hofu zako hizo! Mti wetu ulisema mzima."

"Mti haukusema," Mwanamvua akajibu. "Nilisema mimi."

Mama wa nyumba alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, amesikia. Mwanamvua akamnyooshea mchi kwa mikono miwili, na mama yule akaupokea.

Ngano nimeitua. Palipo pazima ni penu.
— Na palipooza?
Palipooza ni pangu niliyesimulia.
— Tumepokea vyote!